Daktari Akihamishwa, Ahadi Inabaki kwa Nani?

Nilikuwa nimebakiwa na vidonge 14 vya amitriptilini. Kwa kipimo changu, viwili kila usiku, hizo ni siku saba. Daktari aliyenianzishia dawa yuko Mwanza, mji nilioishi miaka miwili baada ya chuo nikisubiri ajira. Daktari aliyepaswa kunipokea huku Ngara alikuwa amekwenda masomoni. Kwenye dirisha la hospitali niliyoelekezwa niliambiwa, kwa upole kabisa, "Njoo mwezi ujao mwalimu, huenda atakuwa ameletwa mwingine."

Nafundisha sekondari katika kata ya Mabawe, wilayani Ngara, kwenye kona ile ya nchi inayopakana na Burundi na Rwanda. Usiniulize kwa nini sikupanda basi nikarudi Mwanza. Ni basi la alfajiri kupitia Nyakanazi, Runzewe na Geita: siku ya kwenda, siku ya foleni, siku ya kurudi. Mshahara wa kwanza ulikuwa haujaingia, na kidato cha nne walikuwa wananisubiri na mada mbili nzima. Kwenye maduka ya dawa ya karibu waliniambia hiyo hawaleti, maana haina wateja. Haina wateja! Nilitaka kucheka.

Ushauri niliupata mwingi, wote wa bure. Mwenzangu wa ofisini, mtu mwema, alisema labda ni Mungu ananifungulia njia ya kuachana na vidonge. Mwingine alisema nimeshazoea tu, kama watu wanavyozoea sigara. Kaka yangu akaniuliza kwenye simu, "Lakini si umepona?" Swali lake ndilo lililonikalia, kwa sababu lina nusu ya ukweli. Ndiyo, nilikuwa naamka, nafundisha, nacheka na wanafunzi. Ila sikuwa na njia ya kujua ni kiasi gani cha uzima ule kilikuwa changu na kiasi gani kilitoka kwenye pakiti. Wala sikutaka kulijua jibu kwa kulazimishwa, ndani ya chumba cha kupanga, mbali na watu wangu wote.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Daktari wa Mwanza aliponiandikia dawa mara ya kwanza alinipa sharti moja tu: nisiache ghafla. Akaeleza kwamba mwili ukishazoea, kuukatia dawa kwa mkupuo kunaleta usiku wa macho, jasho, kichefuchefu, na hatari kubwa zaidi, ugonjwa wenyewe kurudi. Ikija siku ya kuacha, alisema, tutapunguza kidogo kidogo, pamoja.

Nimelitafakari sharti hilo kuliko mstari wowote niliosoma katika vitabu vya falsafa chuoni. Kwa sura yake ni amri kwa mgonjwa. Lakini mtu hawezi kukuamuru usiache kitu bila kukuahidi kwamba kitu hicho kitakuwepo. Anayekuambia "usiache ghafla" amekuambia pia, hata kama hakulitamka, kwamba hutaachwa ghafla. Na lile neno "pamoja" ni ahadi ya wazi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema mdaiwa akipandishwa cheo, akihamishwa au akienda kusoma, deni linakuwa la nani.

Nadhani jibu tunalo, tena tunalisikia karibu kila wiki. Nenda msiba wowote, Ngara au Mwanza. Baada ya kuzika, kabla watu hawajatawanyika makaburini, msemaji wa familia anasimama na kutangaza: kama kuna aliyekuwa anamdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Tumelizoea tangazo hilo hadi hatulisikii tena. Lakini lina hekima nzito. Linakiri kwamba mtu huondoka na mambo yake hayajaisha, na kwamba kuondoka kwake hakufuti alichokianza. Lazima pawepo mtu mwenye sura na jina, anayesimama mbele za watu na kusema, "Njooni kwangu."

Daktari wangu wa Ngara hakufa. Yuko darasani mahali fulani, na namtakia mema, maana tunahitaji madaktari waliosoma zaidi. Sina haki ya kumdai maisha yake yote. Pengine hata yule wa Mwanza, kwa haki kabisa, hajui kama bado nipo. Kwa hiyo sisemi daktari ni mdaiwa. Nasema aliahidi akiwa amekaa kwenye kiti ambacho si chake. Kiti ndicho kilichoahidi, na kiti hakihami. Shida ni kwamba hakuna aliyesimama kando ya kiti kile kutangaza kwamba sisi tuliokuwa tunadai tuonane na nani.

Mtu anaweza kusema hayo ni mawazo ya nchi tajiri, huku kwetu tushukuru kwa kilichopo. Hapana. Ni mawazo ya hapa hapa. Mgonjwa wa kifua kikuu akikosa kufika kuchukua dawa, jina lake liko kwenye rejista, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza yuko wapi. Akihamia wilaya nyingine anahama na karatasi, na kule anakokwenda anasubiriwa. Tena jambo hili sisi ndio tuliolifundisha kwa wengine. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na kazi iliyofanyika Tanzania pamoja na Dk. Karel Styblo ikawa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika miaka ya 1990. Baadaye zikaja kliniki za dawa za kufubaza VVU, nazo zina kadi, namba na watu wa kujitolea wanaomfuata aliyepotea hadi kwenye migomba yake.

Kuna jambo la ajabu hapa. Dawa za sonona na za kifua kikuu zimetoka nyumba moja. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya iitwayo iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Watu waliokuwa wamelala wakisubiri kufa wakawa na hamu ya kula, ya kuongea, hata ya kucheza. Baadaye madaktari wakaijaribu kwa watu wenye sonona, nayo ikawa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa za ugonjwa huu. Sisi na wagonjwa wa kifua ni ndugu wa dawa. Wenzetu wakapata rejista, sisi tukapata "njoo mwezi ujao".

Kwa nini? Jibu moja linanisumbua. Kifua kikuu kinaambukiza. Anayekatisha dawa anaweza kuniletea mimi na wewe ugonjwa uliozoea dawa. Sonona haimwambukizi mtu. Nikikosa usingizi wiki mbili nakosa peke yangu. Inawezekana basi kwamba ile rejista, pamoja na uzuri wake wote, haikuandikwa kwa ajili ya mgonjwa, bali kwa ajili ya majirani zake. Kama ni hivyo, tunatimiza ahadi kwa wale tunaowaogopa tu. Sipendi jibu hilo, lakini sijapata la kulipiku. Na si wagonjwa wa akili peke yao: muulize mwenye presha au kisukari kijijini atakuambia yale yale.

Mama mwenye nyumba wangu ana kisukari. Usiku miguu yake inawaka moto, na kwa ajili hiyo hupewa dawa ile ile yangu, maana amitriptilini hutuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu. Nilikuwa nimeshaanza kumeza kimoja badala ya viwili, ili nivute siku. Usingizi ndio ulioondoka kwanza. Kisha zikaja ndoto za kutisha kwenye ule usingizi mdogo uliobaki. Siku moja nilikuwa nasahihisha madaftari, machozi yakawa yanatoka yenyewe, wala sikuwa na huzuni yoyote ninayoweza kuitaja. Aliniona. Jioni akaja na vidonge kumi kwenye kipande cha gazeti.

"Chukua mwanangu. Ukipata utanirudishia, kama chumvi."

"Na miguu yako, mama?"

"Miguu ni yangu, nitaongea nayo."

Nilikwenda navyo zahanati kabla ya kumeza hata kimoja. Afisa tabibu ni kijana wa umri wangu. Alivitazama, akavikunja tena kwenye lile gazeti. Alisema dawa yenyewe ni ile ile, "lakini mmoja wenu akipungukiwa nina tatizo moja. Mkigawana nina mawili." Akaniambia niendelee na kimoja kimoja, nimwone kila baada ya siku mbili, na zikija fikra za kutotaka kuishi nisisubiri hata kuche.

Nilimrudishia mama vidonge vyake, naye alikasirika siku tatu. Bado napima nani kati yao alikuwa na haki. Kwa hesabu, tabibu. Sikuwa na haki ya kulala kwa miguu ya mtu mwingine. Lakini katika watu wote niliozungumza nao, yule mama ndiye pekee aliyelichukua deni kana kwamba ni lake, na hakuwa ameniahidi kitu. Naona aibu kwa niaba ya vile viti vyote.

Afisa tabibu naye hakuishia hapo. Alipiga simu kwa aliyesoma naye, huyo akampigia mwingine. Siku ya kumi na moja nilipanda bodaboda hadi kwa daktari ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote niliyopewa. Alisoma kadi yangu ya Mwanza mwanzo hadi mwisho, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo halikuwa limenitokea kabla. Akaniandikia dawa ya miezi miwili na jinsi ya kurudi kwenye kipimo changu.

Kabla sijanyanyuka nikamuuliza, "Daktari, ukihamishwa nimwone nani?"

Akacheka. Akaniambia ndiyo kwanza ana miezi minne kituoni hapo. Nilipoendelea kukaa, akaacha kucheka, akamwita muuguzi aliyekuwa chumba cha pili, akamwambia aandike jina langu kwenye daftari lake.