Kazi ya Kwanza ya Ini

Wavuvi wa Chula, Chovai na Koyama, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo, wanalijua ini la papa kwa ukubwa wake. Papa hana kibofu cha hewa. Ini lililojaa mafuta ndilo linalomsaidia asizame, na mafuta hayo, sifa, yamepakwa mbao za vyombo mwambao mzima. Ini la binadamu halina fahari hiyo. Kwa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Lakini sote tuliwahi kuwa na ini kubwa: kufikia wiki ya 9 ya mimba, huchukua takriban asilimia 10 ya uzito wa kijusi.

Si kwa sababu ya nyongo. Hiyo huanza kutengenezwa karibu na wiki ya 12. Ni damu. Ini huchipuka wiki ya 4 kutoka ukuta wa utumbo wa mbele, likajipenyeza katika tishu iliyo jirani na moyo. Kisha huingia wageni. Kipande chake chini ya hadubini huonyesha seli changa za damu zimesongamana kati ya safu za seli za ini, hata mwenyeji haonekani vizuri. Chimbuko la seli nyingi kati ya hizo si hapo, bali ni ukuta wa aota, mshipa mkuu wa damu. Ini huzihifadhi kama visiwa hivi vinavyohifadhi majahazi kusi ikichafuka. Zikaongezeka, kisha zikahamia kwenye uboho wa mifupa. Mtoto anapozaliwa, wengi wa wageni hao wamekwisha kuondoka.

Basi ini ni la nini? Tumezoea kudhani maana ya kiungo ni ile kazi ya mwishoni, na yaliyotangulia ni matayarisho tu. Sikubali. Damu ya mwezi wa 4 wa mimba haikuwa mazoezi. Bila hiyo kijusi hufa. Kazi ya muda ni kazi kamili, ingawa ni vigumu kulisema hilo katika mwambao ambao vita vya Somalia vya 1991 viliwasukuma watu wake hadi Mombasa, na maisha waliyojenga huko yakaitwa kusubiri.

Wala ini halipotezi uwezo huo. Uboho ukielemewa, kama kwa baadhi ya wagonjwa wa thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, ini la mtu mzima huweza kuanza tena kutengeneza damu.