Juu ya Wale Waliokataa Katiba



Katika Mathayo 5:37 Bwana wetu atuagiza tuwe na neno moja, la kukubali au la kukataa. Agizo hili twalijua kwa moyo. Lakini ifikapo siku ya kulitenda, wengi wetu twatazama kwanza kama mkono wa jirani umeinuliwa.

Tulikumbuke Bunge Maalum la Katiba lililokutana Dodoma mwaka 2014. Halikuwa jambo la mbali kwetu wa Mpanda, kwa maana alikuwamo Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa wakati ule na mbunge wa Katavi. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imekusanya maoni ya wananchi, ikaleta rasimu ya serikali tatu. Walio wengi bungeni wakataka mbili zidumu. Ndipo tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA wakatoka nje, wakisema kwamba maoni ya wananchi yanawekwa kando. Tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa pasipo wao. Kura ya maoni iliyopangwa kuwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa.

Tena alikuwako mmoja aliyekataa akiwa ndani. Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alizikataa baadhi ya ibara kwa kura ya wazi. Mwezi wa Oktoba akaondolewa katika kazi yake.

Kuamua kama serikali ziwe mbili au tatu si kazi ya mimbari. Twauliza hili tu: mtu akataeje? Luther kule Worms, mwaka 1521, hakukubali kuyakana maandiko yake mbele ya Kaisari. Lakini alikuwa tayari kugeuka kama angeonyeshwa kosa kwa Neno la Mungu. Alisema sababu yake, naye akaacha mlango wazi.

Basi, mzee wa usharika akitia sahihi kitabu cha hesabu za sadaka asichokisoma, kwa kuwa wenzake wametia, ameshuhudia asilolijua. Naye akataaye kwa hasira, asiseme sababu, hakulisaidia baraza. Akataaye na aseme kwa upole kilichomzuia. Nao waliokubali wasimwite adui, bali wamsikilize, huenda ameona shimo wasiloliona wao.

Bwana atupe ndimi za kweli, na masikio ya kuwasikia ndugu zetu. Amin.