Jiko Ni la Nani?



Kila mwaka, wakati wa mavuno, hapa kwetu nyanda za juu twaleta madhabahuni mahindi, maharage, viazi na maparachichi, nasi twaimba kwa shukrani. Ni vema kabisa. Lakini tukiwa bado tumesimama mbele ya mavuno hayo, yatupasa kujiuliza jambo moja: yawezekanaje ghala lijae, na mtoto wa nyumba hiyo hiyo adumae?

Swali hili si la kubuni. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao utakavyo. Mkoani Njombe walikuwa kama nusu ya watoto wote, na Iringa zaidi ya nusu. Nayo ndiyo mikoa inayolisha mikoa mingine! Tena kudumaa si ufupi wa kimo tu. Ubongo nao haujengeki ipasavyo, na mtoto afikapo darasani huwa mzito wa kushika masomo, pasipo kosa lake mwenyewe.

Sababu zake ni nyingi: magonjwa ya kuhara, maji machafu, mama kutokula vizuri akiwa mjamzito. Hatutaki kuzipunguza. Lakini iko moja ambayo hatuisemi sana kanisani, nayo ni kwamba kazi yote ya chungu tumemwachia mtu mmoja.

Mtoto aliyepita miezi sita tumbo lake ni dogo. Hawezi kula ugali mwingi mara moja akatosheka mpaka kesho. Tangu miezi tisa ahitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku, pamoja na kunyonya. Sasa tumtazame mama yake. Alfajiri yuko shambani. Jioni arudi na kuni kichwani na mtoto mgongoni, ateke maji, awashe moto, na chakula kiive usiku, mtoto akiwa amekwisha lala. Siku nyingine hupika kile kiivacho upesi: ugali wa sembe nyeupe na mboga kidogo. Pumba na kiini cha mahindi vimebaki mashineni, navyo huliwa na nguruwe. Basi nguruwe hupata vitamini, mtoto hupata wanga.

Elimu ya lishe hatukuikosa. Mwaka 1975 nchi nzima ilikusanyika katika vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Shule na zahanati zimefundisha tangu hapo. Mama anajua. Kinachompungukia ni mikono, na wahenga walikwisha sema kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Hapo ndipo husikika neno, “Mwanamume hapiki, si desturi yetu.” Je, ni kweli? Katika mahoteli ya mjini, jeshini, na katika shule za bweni, wapishi wengi ni wanaume. Arusini wao ndio huchinja na kuchoma nyama. Basi kupika twaweza. Twapika penye mshahara na penye sifa. Ila penye watoto wetu wenyewe twasema ni desturi. Desturi ya namna hii hapana budi ipimwe.

Wengine husema baba amechoka. Ni kweli amechoka. Lakini mama ametoka shamba lile lile. Kama baba apumzika kilabuni penye ulanzi, na mama apumzika akiwa ameinamia moto, huo si mgawanyo wa kazi. Na anayeitwa kumsaidia ni nani? Ni binti. Kaka yake husoma au hucheza mpira, naye huacha daftari akachambue mboga. Hivyo hukosa mama, hukosa mtoto mchanga, na binti naye hukosa.

Tena tumtazame Bwana wetu. Baada ya kufufuka, kama tusomavyo katika Yohana 21, aliwangojea wanafunzi wake ufukoni akiwa na moto wa makaa, samaki na mkate. Wao walikuwa wamechoka kwa kuvua usiku kucha. Yeye aliyeshinda mauti hakuona haya kuwaandalia kifungua kinywa. Nani kati yetu ni mkubwa kuliko yeye?

Na tuanze kwa mambo madogo. Baba aloweke maharage usiku, ili yaive upesi na kuni zipungue. Mvulana amenye viazi, atwange karanga za kutia katika mboga. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zisipikwe mpaka zipoteze rangi. Mahindi yasagwe dona. Mtoto mdogo apondewe parachichi, apewe bakuli lake mwenyewe, ili ijulikane amekula kiasi gani. Na yeyote aliye karibu amlishe. Palipo na bibi na wajukuu tu, au mjane na wanawe, ni vivyo hivyo: waliopo wote washike kazi. Na majirani wao wasisahau kuwachanjia kuni.

Katika Sala ya Bwana twaomba riziki yetu sote, si riziki yangu. Mwenye kuomba hivyo pamoja na jamaa yake, kisha akaketi kungoja sahani, amemwachia mwenzake sehemu yake ya sala. Jumapili hii, tutokapo kanisani, kila baba na kila mvulana aingie jikoni aulize, “Nishike nini?”

Bwana azibariki nyumba zenu, na wote wanaopika ndani yake.