Kichujio Changu, Ekzosi Yetu

Kaka yangu alipopata kazi Gulu, aliniuzia gari lake kwa bei ya udugu. Ni Subaru Forester yenye turbo, gari ambalo vijana wa Kampala hulitambua kwa mlio kabla hawajaliona. Nilikuwa na akiba kidogo, nikaenda Ndeeba kumuuliza fundi bei ya bomba jipya la ekzosi na kichujio cha hewa cha wazi. Aliingia chini ya gari, akatoka akitabasamu. "Ssebo, katalitiki yako bado ni ile ya kiwandani. Nikiitoa, nainunua mimi mwenyewe. Bomba utalipata karibu bure."

Nilimwomba siku mbili za kufikiri, na insha hii imetokana na siku hizo. Swali langu ni hili: je, mwenye gari ana haki ya kulibadilisha apendavyo kwa kuwa ni mali yake?

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Turbo huzungushwa na moshi. Moshi unaotoka kwenye injini husukuma gurudumu dogo lenye mapanga, nalo limeunganishwa na jingine linalovuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa, na nguvu hupanda. Ndiyo maana moshi ukipata njia pana, turbo huamka mapema. Upande wa kuingilia, hewa hupita kwenye kichujio. Upande wa kutokea, moshi hupita kwenye katalitiki, ambamo madini adimu kama platinamu na paladiamu husaidia kuzigeuza gesi za sumu, kwa mfano kaboni monoksaidi, kuwa gesi zenye madhara madogo. Kisha hupita kwenye sailensa, inayopunguza kelele.

Kwa maoni yangu, pande hizi mbili hazilingani kimaadili.

Tuchukue upande wa hewa. Nikifunga kichujio cha wazi kisicho na kasha, kitavuta hewa ya moto iliyo chini ya boneti. Kikiwa hafifu, vumbi jekundu la barabara zetu za udongo litapenya na kuyala mapanga ya turbo, ambayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Bomba lenye kipimo tofauti linaweza pia kukidanganya kifaa kinachopima hewa, injini ikachoma mchanganyiko wenye petroli haba, na pistoni zikaharibika. Hasara hiyo ni kubwa, lakini ni yangu. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alitetea kwamba jamii inaweza kumlazimisha mtu mzima ili kuwakinga wengine na madhara, si kwa faida yake mwenyewe tu. Kwa kipimo hicho, kuchagua kichujio kibaya ni ujinga, si dhuluma.

Upande wa moshi ni kesi nyingine. Nikiitoa katalitiki, mimi nitapita nimefunga vioo. Nyuma yangu nitamwacha mwendesha bodaboda, mama anayekaanga chapati za rolex pale Wandegeya, na watoto wanaotoka shule. Nikiiondoa na sailensa, nitamwamsha pia mgonjwa aliyelazwa Mulago. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Faida yote ni yangu, gharama yote ni yao. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hali ya hewa ya mji wetu tunaijua. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umeweka vipimo sehemu mbalimbali za jiji, na vumbi laini linalopimwa huzidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho tangu 2021 ni wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Katalitiki hushughulikia gesi zaidi kuliko vumbi hilo, lakini mapafu hupokea vyote pamoja. Na Katiba yetu ya 1995, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya mazingira safi na yenye afya.

Rafiki yangu wa hosteli alinipinga. Alisema malori ya dizeli na taksi kuukuu hutoa moshi mweusi kila siku, kwa hiyo gari langu moja ni tone katika Ziwa Viktoria. Hoja hii ina nguvu, lakini kila dereva anaweza kuitumia, na tukiikubali hakuna atakayewajibika. Isitoshe, dereva wa lori anaweza kujitetea kwamba analeta matoke mjini. Mimi nitajitetea kwa nini? Kwa mlio?

Hoja nzito zaidi ni ya mtu ambaye katalitiki yake imeziba, hana fedha za kununua nyingine, na gari ndilo linalomlisha. Huyo akiikata, ninasita kumlaumu. Moshi wake unadhuru vilevile, lakini amesukumwa na uhitaji, na sehemu ya lawama ni yetu sote tunaoacha usafi wa hewa uwe anasa ya wenye fedha. Mimi sikusukumwa na uhitaji. Nilisukumwa na tamaa ya kusikika, na debe tupu haliachi kuvuma.

Nilirudi Ndeeba. Nilichagua bomba pana kiasi, linaloanzia nyuma ya katalitiki na lenye sailensa yake, na kichujio kipya ndani ya kasha lilelile la kiwandani. Nguvu iliyoongezeka ni ndogo. Fundi alitikisa kichwa, akanitoza bei kamili, na akiba yangu ikaisha. Nakiri kwamba gari jingine likipita likinguruma, bado nageuka kulitazama kwa wivu. Hata hivyo, nikipita Wandegeya jioni nanunua rolex kwa mama yule, na naweza kumtazama usoni.