Ajali, Kudra na Haki ya Aliyeumia

Kila lori linapowaponda watu katika njia zetu kuu, neno la kwanza litokalo vinywani ni kwamba ajali haina kinga. Neno hilo ni la wazee, na kwa aliyefiwa ni faraja. Wala hatupingi kwamba yote yatokeayo yamo katika elimu ya Mwenyezi Mungu. Tunalolipinga ni kulifanya neno la faraja kuwa hati ya kumfutia deni mwenye kudhuru. Maana twaona kwamba wanaolisema kwa sauti kubwa kando ya kitanda cha majeruhi aghalabu si jamaa zake, bali ni wajumbe wa mwenye lori.

Lori si radi. Lina mtu aliyelipakia, na mtu aliyeliendesha, na mtu aliyelituma. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lenye kontena liliacha barabara likawakumba watu waliokuwa kando wakichuuza na wakingoja magari. Waliokufa walizidi 50. Huko Migaa, karibu na Salgaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana na watu 36 wakaangamia. Na mteremko wa Salgaa ulikwisha kujulikana zamani kwa desturi mbaya ya baadhi ya madereva: kuondoa gia na kuliacha gari literemke lenyewe, ili mafuta yasalie, kisha yauzwe njiani. Lori la mizigo lililo kamili laweza kufika tani 56, ndio upeo wa sheria ya mizani ya Afrika ya Mashariki. Uzito huo usiposhikwa na injini, breki peke yake hushika moto na kushindwa. Sasa twauliza: mtu aliyeziweka roho za watu rehani kwa galoni chache za mafuta, aweza kusimama akasema, "Ni kudra"? Na tajiri ahesabuye safari wala hahesabu usingizi, ilhali sheria yakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24, naye aingie katika kivuli cha neno hilohilo?

Husemwa: lakini hakukusudia. Kweli, na kwa hiyo hatumwiti muuaji wa kusudi. Lakini dini yetu haikuacha jambo hili gizani. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, aliyemuua Muislamu mwenzake kwa kukosea hakupewa adhabu ya kisasi, lakini aliwajibishwa kafara, na diya kwa warithi, ila wao wenyewe wakisamehe. Tuangalie msamaha umetiwa mikononi mwa nani. Haukupewa jirani, wala mzee wa mtaa, wala imamu ajaye na bahasha ya mwenye gari. Nasi twaongeza jambo ambalo halisemwi sana: mtu hawezi kusamehe asichokijua kuwa ni chake. Anayetia dole gumba katika karatasi asiyoisoma, mguu wake ungali katika plasta, akapewa fedha za kununulia magongo, hakusamehe. Amenyang'anywa, na uvumilivu wake umefanywa chombo cha kumnyang'anyia.

Basi ajue lililo lake. Sheria ya Kenya yamlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wengine atakaowadhuru, na bima hiyo yawajibika hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Yanayozidi yabaki juu ya mwenye gari. Madai ya majeraha hayapelekwi kwa Kadhi, ambaye kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi. Yasiyozidi shilingi milioni 1 yaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu aweza kujisemea mwenyewe. Na tangu mwaka 2016 kuna sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo.

Hapa yatupasa kusema pia juu ya wenzetu wanaoitia aibu haki hii. Wako madalali wanaozunguka wodi za hospitali wakiwavua majeruhi kama samaki, na mawakili wanaowatuma. Wakili kupatana na mteja kwamba atalipwa akishinda tu ni jambo lililokatazwa na sheria ya mawakili, nalo lafanywa. Na maskini hupokea mabaki ya fidia yake asijue ilikuwa ngapi. Wako pia waliokuwa nyumbani siku ya ajali, wakajiandikisha kuwa walikuwa ndani ya basi. Hao ni wezi, na wanamwibia yule aliyevunjika kweli, kwa sababu kila dai la uongo humfanya hakimu na mwenye bima kulitilia shaka dai la kweli.

Kwa hiyo twawashauri jamaa za majeruhi: chukueni namba ya lori na jina la bima iliyo katika kioo chake, chukueni hati ya ajali kwa polisi, wekeni kila risiti ya hospitali, wala msitie sahihi yoyote wodini. Kama ni kusamehe, kuna wakati. Muda wa kufungua madai ni miaka mitatu tangu siku ya ajali, nayo huhesabiwa hata nyumba ikiwa bado katika matanga.