SADAKA NA KIKOA

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo wahenga hawakuyachanganya. La kwanza ni sadaka: kitu akitoacho mtu kwa ajili ya mwenziwe, naye asitarajie kukila. La pili ni kikoa: chakula ambacho wenzi hukitoa kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na kila atoaye hula. Kikoa si jambo baya. Ni katika adabu za ujirani mwema, na mtu asiyekula kikoa na wenziwe hutazamwa kwa shaka. Lakini hatujapata kumsikia mtu wa Pwani aliyekula kikoa, akajifuta mdomo, kisha akasema, "Leo nimetoa sadaka."

Twaanza na maneno haya kwa sababu umezuka miongoni mwetu mtindo unaoyakusanya mambo haya mawili katika siku moja, na pengine katika sahani moja. Jumamosi asubuhi watu huvaa fulana za rangi moja, hutembea kilometa tano au kumi, mgeni rasmi huhutubia, majina ya waliochanga hutangazwa kwa kipaza sauti, na kuanzia adhuhuri moshi wa nyama choma hutanda uwanjani. Jioni husemwa kwamba wenye shida wamesaidiwa. Swali letu ni hili: je, wema ulioliwa na mtendaji wake ungali wema?

Wako wenzetu wanaolijibu upesi kwa kusema kwamba jambo lenyewe ni la kuiga, basi na litupwe. Ni kweli kwamba matembezi ya kuchangisha fedha yalishamiri ng'ambo; huko Marekani shirika la March of Dimes lilianza matembezi yake mwaka 1970. Hata hivyo, kutembea kwa ajili ya jambo lililo kubwa kuliko nafsi si kugeni kwetu. Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa mwezi wa Februari 1967, vijana walitembea masafa marefu kuliunga mkono, na Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Kijana Seth Benjamin alifia njiani katika matembezi hayo ya vijana, akielekea Dar es Salaam kutoka Arusha. Wale hawakutembea ili kuchangisha fedha. Walichokitoa ni miguu yao, na yule mmoja alitoa zaidi.

Na kula baada ya kazi nako si kugeni. Huko Upare watu waliitana katika msaragambo, wakafanya kazi ya wote kwa pamoja, na kazi ilipokwisha walikula na kunywa. Hatumjui mzee aliyeona haya kwa chakula kile. Lakini mwanafunzi makini ataiona tofauti: pale jasho lenyewe ndilo lililofanya kazi. Aliyeshika jembe aliuacha mfereji umezibuliwa, na maji yakapita. Miguu yetu ya Jumamosi haizibui mfereji wowote. Ni ishara tu, na kazi yenyewe imo katika bahasha.

Wanazuoni wa dini walilitazama jambo hili kwa makini kuliko sisi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika Pwani yetu, mtu anayechinja udhiya ya sunna aweza kula sehemu ya nyama yake, tena ni vema aionje. Lakini akiwa ameiweka nadhiri, hana ruhusa ya kula hata kipande. Mbuzi ni yule yule, kisu ni kile kile, na siku ni ile ile. Kilichobadilika ni ahadi. Hivyo kabla ya kumuuliza mtu kama amekula, yatupasa tumuulize alikuwa ameahidi nini.

Sasa tuseme habari ya siku moja tuliyoishuhudia wenyewe, maana si haki kuwapima wengine kwa mizani ambayo hatujaipanda.

Mwaka 2016, baada ya ada kuondolewa mashuleni, watoto waliandikishwa kwa wingi na madawati yakapungua nchi nzima. Katika mtaa wetu mjini Morogoro tuliamua kufanya matembezi ya hisani kutoka Msamvu, kisha tuchome nyama na kuchangisha. Jumamosi iliyochaguliwa ikasadifu kuwa ya mwisho wa mwezi, yaani siku ya usafi, tena mtaani palikuwa na arobaini ya mzee mmoja na harusi ya binti wa jirani. Hatukumbuki siku nyingine iliyojaa shughuli kama ile. Walimu waliletwa pamoja na wanafunzi wao, wakaimba juani. (Kama waliulizwa au waliamriwa hatukuchunguza, mchango wa hiari ya lazima una historia ndefu katika nchi yetu, na walimu ndio waijuao zaidi.)

Sisi tulikuwamo katika kamati ya maandalizi, na gari letu dogo lilipangiwa kubeba maji ya watembeao. Saa kumi na mbili alfajiri tukasikia hodi. Alikuwa bibi mmoja jirani yetu, amembeba mgongoni mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye homa ilikuwa haijamwachia usiku kucha. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, naomba unifikishe hospitali." Tukatazama katoni za maji zilizokuwa zimekwisha kupakiwa. Tukamwambia, "Bibi, tuvumilie kidogo. Saa nne tutarudi, tutakupeleka." Hakubishana. Alisema, "Haya mwanangu, Mungu awatangulie katika shughuli yenu," akaondoka.

Saa moja barabara ilifungwa kwa ajili yetu. Bodaboda hazikupita. Nasi tulipokuwa tumekwenda nusu ya njia, huku tarumbeta zikilia mbele, tulimwona bibi yule akitembea pembeni mwa msafara, mtoto bado yuko mgongoni, kichwa kimelalia bega. Alikuwa akienda kule kule tulikokuwa tukienda sisi. Kijana mmoja wa kamati, asiyemjua, alidhani ni mmoja wa watembezi. Akamkimbilia kwa bashasha na kumpa chupa ya maji. Bibi aliipokea, akamnywesha mtoto, akaendelea na safari yake. Watu wa karibu walimpigia makofi.

Tulimpisha mtu mwingine usukani, tukashuka, tukamfuata kwa miguu. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kuingia langoni mwa hospitali, na msaada wetu haukuwa na kazi tena. Tukarudi uwanjani. Tungependa kuandika kwamba nyama ilitushinda kumeza, lakini msomaji hastahili kudanganywa: tulikula, na ilikuwa tamu, ikiwa na kachumbari na ndizi za kuchoma.

Jumatatu yake kamati ilikaa kupiga hesabu. Fulana, turubai, mbuzi, mkaa na vipaza sauti vilikuwa vimemeza sehemu kubwa kuliko tulivyotarajia. Tukasema kwa uchungu kwamba mwaka mwingine afadhali ipitishwe karatasi tu, kila mtu atoe alicho nacho kimya kimya. Mwenzetu mmoja, mhasibu, mtu wa maneno machache, akatujibu: "Karatasi tuliipitisha mwezi wa pili. Ilirudi na majina manne." Hoja yake ina nguvu, wala hatujapata ya kuipiku. Watu wengi hawatoi kwa sababu hawajaitwa, na mwito wenye ngoma na harufu ya nyama husikika mbali. Mtoto anayeketi juu ya dawati haulizi kama lilinunuliwa kwa moyo safi. Mwenye kudai kwamba furaha huondoa thawabu ya wema anataka wema uwe wa wachache wenye nyuso za huzuni, na jamii haijengwi na hao peke yao.

Kwa hiyo hatusemi nyama iliharibu sadaka yetu. Twasema kwamba tulifanya kikoa kizuri, na baada ya walaji kushiba yakabaki madawati. Basi tuliite jambo hilo kwa jina lake, tusidai jina jingine. Mashaka yetu yako mahali pengine. Aliyetukosesha kumwona bibi yule hakuwa mbuzi. Ni ile fahari ya kwamba siku ile wema ulikuwa umekwisha kupangiwa saa, njia na mgeni rasmi, na kwa kuwa tulikuwa ndani yake tulijihisi tumekwisha kuutimiza. Tungekuwa tumeketi barazani bila shughuli yoyote, twaamini tungemchukua bibi bila kufikiri mara mbili. Kama ni hivyo, basi wema mkubwa ulikula wema mdogo, na mizani ya kuvipima viwili hivi hatuijui. Dawati ni la watoto wengi na la miaka mingi. Homa ni ya mtoto mmoja na ya asubuhi moja. Mwenye hesabu atachagua dawati. Lakini dawati lingeweza kungoja hadi saa nne.

Jioni ya siku ile tulifunga nyama katika karatasi tukampelekea. Mtoto alikuwa amelala mkekani, amechomwa sindano, jasho limeanza kumtoka. Bibi aliipokea nyama kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka juu ya kinu. Kisha akauliza, "Madawati yamepatikana, mwanangu?"

Tukamjibu kwamba yamepatikana, ingawa si mengi kama yaliyotangazwa.

"Haya ni mema," akasema. "Huyu ataanza shule baada ya mwaka mmoja."