Kinyozi Hajinyoi



Jioni moja walifika kwangu parokiani mume na mke, wazazi wa watoto watatu. Mume ni fundi seremala. Mke ni muuguzi aliyesomea pia ushauri nasaha, na hospitalini kwake yeye ndiye anayeketi na watu waliopewa majibu mazito: huyu ana virusi vya UKIMWI, yule ana saratani, mwingine amefiwa na mtoto wodini. Jumamosi, badala ya kupumzika, huwasikiliza akina mama wa jumuiya ndogo ndogo wenye matatizo ya nyumbani. Mtaa mzima unamsifu.

Mume hakuja kumsifu. "Padre," aliniambia, "mke wangu ana masikio kwa kila mtu isipokuwa sisi."

Mke hakukana. Alieleza kwamba juma lililotangulia binti yao wa miaka saba alianguka akitoka shuleni, akachubuka magoti yote mawili. Alipomkimbilia mamaye akilia, mama alimtazama tu, akasema, "Hicho nacho ni kidonda? Mimi leo nimeona watu wenye vidonda." Mtoto akanyamaza, akaenda kwa baba yake kwenye karakana.

"Usiku ule sikulala, Padre," alisema. "Sikuwa nimemkasirikia mtoto. Nilitafuta huruma ndani yangu nikakuta hakuna. Nimekuwa mtu gani mimi?"

Wapendwa, nimeomba ruhusa yao kuyasimulia haya kwa sababu wako wengi nyumbani mwenu wenye swali hilo hilo: wauguzi, walimu, madaktari, washauri, makatekista, wahudumu wa afya wa vijijini, na ninyi wanandoa mnaowashauri wanandoa wenzenu. Wazee walisema kinyozi hajinyoi. Anayewatunza watu wote, yeye hutunzwa na nani?

TAA ILIYOKWISHA MAFUTA

Kwanza nilimwambia mama yule kwamba hajawa mtu mbaya. Mnajua taa ya koroboi. Mafuta yakiwamo, utambi hutoa mwanga siku nyingi bila kuharibika. Mafuta yakiisha, utambi wenyewe ndio huanza kuungua. Mwanga bado upo kidogo, ila unanuka moshi, na kesho utambi ni mfupi kuliko jana.

Hali hii wataalamu wanaijua. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuihusu baada ya kuwahudumia watu katika zahanati ya bure mjini New York. Aliwaona watu waliojitolea kwa moyo wakiishiwa nguvu, na yeye mwenyewe hakusalimika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii si ugonjwa, bali hutokana na mkazo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Likataja ishara tatu: kuishiwa nguvu; moyo kujitenga na kazi, hata mtu akaanza kuidharau; na kuona kwamba kazi yake haizai matunda tena.

Angalieni ishara ya pili. Moyo uliochoka hujikinga kwa kufunga mlango, na ukishafunga, haujui kuuchagulia watu. Unamfungia mgonjwa wa saa tisa alasiri, na jioni unamfungia mume, mke na mtoto aliyechubuka magoti. Ndiyo sababu jambo hili linaihusu ndoa.

MUSA, SIPORA NA MZEE YETHRO

Fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Mara nyingi tunaisoma kama somo la uongozi. Leo tuisome kama wanandoa.

Musa alikuwa amemrudisha mkewe Sipora kwa baba yake. Sasa mzee Yethro anamletea jangwani mkewe na watoto wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa anatoka kumlaki mkwewe, anamwinamia, anambusu, wanajuliana hali, wanakula pamoja na wazee. Juu ya Sipora Biblia haisemi neno. Huenda walisalimiana vizuri sana, nami simhukumu Musa. Lakini kesho yake, siku ya pili tu baada ya mke na watoto kufika, Musa yuko wapi? Ameketi akiamua mashauri ya watu, tangu asubuhi hadi jioni.

Mzee alitazama. Hakumwita mkwewe mvivu wala mwenye kupenda sifa. Alimwuliza kwa nini anaketi peke yake. Musa akajibu kama tunavyojibu sote: watu wanakuja kwangu kumwuliza Mungu. Yaani, nifanyeje, nao wananihitaji? Ndipo Yethro akamwambia wazi kwamba analofanya si jema, kwa kuwa atajichosha yeye na watu walio pamoja naye, na mzigo ule hauwezi akiwa peke yake.

Neno hilo ni zito. Musa hakuwa akifanya dhambi. Alikuwa akifanya kazi ya Mungu, hata hivyo namna aliyoifanya haikuwa njema. Tena walioumia ni pande mbili, kwa maana watu nao walisimama kutwa nzima wakimngoja mtu mmoja aliyechoka. Anayejimaliza kwa ajili ya watu, mwishowe hata hao watu huwanyima.

Musa alisikia. Akachagua wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Yaliyo mepesi wakayaamua wao, yaliyo magumu yakaja kwake. Hakuacha wito wake. Aliacha kuubeba peke yake.

NENO KWA ANAYEHUDUMIA

Ndugu yangu, dada yangu, usione haya kupumzika. Tarehe 22 Desemba 2014, hayati Papa Fransisko aliwahutubia wasaidizi wake wa Vatikani akiwatajia magonjwa kumi na matano ya kiroho. La pili lilikuwa lile la Martha, la kuzama katika shughuli bila kupumzika. Aliwaambia kwamba aliyemaliza kazi yake ana wajibu wa kupumzika na kukaa na jamaa yake. Zingatia hapo: ni wajibu.

Tafuta "wakuu wa kumi" wako. Orodhesha kazi unazofanya kwa sababu tu hujawahi kumwomba mtu mwingine. Akina mama wa jumuiya wanaweza kusikilizwa na mama mwingine mwenye busara. Simu ya saa nne usiku yaweza kungoja asubuhi, isipokuwa kuna hatari ya maisha.

Pata wa kukusikiliza. Desturi njema ya washauri nasaha ni kuwa na mshauri mwenzao mwenye uzoefu wanayekutana naye mara kwa mara kuzungumzia kazi. Kama unaye, usimkwepe kwa kisingizio cha shughuli nyingi. Kama huna, mtafute.

Hapa wengi huniuliza: nitamwelezaje mwenzangu, nami nimeapa kutunza siri? Siri za watu zitunze. Usimtajie mkeo wala mumeo jina, ukoo, mtaa wala jambo litakalomtambulisha mtu. Lakini uchungu uliokupata wewe si siri ya mteja. Unaweza kusema, "Leo nimeketi na msiba mzito, moyo wangu umevunjika, nikumbatie." Hapo hujamsaliti mtu, na mwenzako hatabaki akidhani umemnunia.

Na mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu: ulaze, ulishe, uutembeze. Ukiona usingizi umepotea majuma mengi, pombe imekuwa ndiyo dawa, au umeanza kutamani kufa, hapo usingoje. Mwone daktari upesi. Kwenda kwa daktari si kukosa imani.

NENO KWA MWENZI WAKE

Wewe uliye nyumbani, kumbuka kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unaona amekaa kitini akisikiliza watu, ukadhani hiyo si kazi. Masikio nayo huchoka kuliko mikono.

Mpe nafasi anapoingia. Usimpokee mlangoni na karo ya shule, gesi iliyoisha na mashtaka ya jirani. Nusu saa ya kuoga na kunywa chai kimya haitabomoa nyumba. Baada ya hapo mambo ya nyumbani yazungumzwe, kwa maana nawe una haki ya kusikilizwa. Wala kazi za jikoni zisimngoje yeye tu kwa sababu ni mwanamke. Baba anayechota maji na kuwaogesha watoto hajapungukiwa na chochote.

Zaidi ya yote, uwe Yethro wake. Wewe ndiwe wa kwanza kuona mafuta yakipungua. Usimwambie, "Unawapenda watu wa nje kuliko sisi." Hilo litamfunga zaidi. Mwambie, "Naona unachoka, nami nakuhitaji. Tutapunguza nini?" Neno ni hilo: tutapunguza, si utapunguza.

LAKINI WODI IMEJAA

Najua mtaniambia, "Padre, wauguzi ni wachache, wagonjwa hawaishi." Ni kweli, na sitawadanganya kwamba kuoga na kusali kutaongeza watu wodini. Hilo ni deni la waajiri na la serikali, na ni haki kulidai kwa pamoja. Anayemwambia mfanyakazi aliyezidiwa "jitunze tu" bila kumpunguzia zamu, anamdhihaki.

Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Yesu aliwaalika Mitume wapumzike, kwa kuwa hawakupata hata nafasi ya kula. Makutano wakawatangulia huko huko, naye akawahurumia, akawafundisha na kuwalisha. Mapumziko yaliahirishwa, lakini hayakufutwa. Baada ya chakula aliwatuma wanafunzi mbele kwa mashua, akawaaga watu, akapanda mlimani peke yake kusali. Hata Mwokozi aliwaaga watu ambao bado walikuwa na shida.

Wale wawili wa jioni ile wameanza polepole. Mama amemwomba mkuu wa idara wapokezane siku na mwenzake. Jumamosi mbili kwa mwezi ni za nyumbani. Wodi bado imejaa, na ziko jioni anazorudi hana neno. Ila majuzi binti alimletea kidole chenye mwiba. Mama aliketi chini, akautoa mwiba taratibu, akakipuliza kidole. Baba alikuwa mlangoni akitazama. Aliniambia kwamba hakusema kitu, aliondoka tu akaenda kuinjika chai.

MZUNGUMZE WAWILI

1. Ni lini mara ya mwisho tulipokaa pamoja bila simu wala mgeni?
2. Ni mzigo gani mmoja tunaoweza kumkabidhi mtu mwingine mwezi huu?
3. Mimi nikichoka, wewe unaonaje kwanza?

TUSALI

Ee Bwana, uliyechoka ukaketi kisimani, utufundishe kuketi. Wabariki wote wanaobeba machozi ya watu. Warudishe nyumbani kwa amani, na utufanye sisi kuwa nyumba inayowapokea. Amina.